Daftari la jikoni: ninavyokula nikiwa na ugonjwa wa Crohn hapa Dodoma

Mimi ni mama lishe. Kibanda changu kipo karibu na soko la Sabasaba, Dodoma mjini, na ikifika saa 11 alfajiri moto umeshakolea. Napika wali maharage, ugali kwa nyama, samaki wa Mtera wakipatikana, na mlenda kila siku, maana Dodoma ukikosa mlenda mteja anageuza. Watu hamsini hadi sitini hula mikononi mwangu kwa siku. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nawapakulia wote, kisha narudi nyumbani na njaa yangu, kwa kuwa kila nilichokitia tumboni kilinitoa machozi.

Ilianza mwaka 2017. Maumivu upande wa kulia chini ya kitovu, kuharisha mara sita hadi nane kwa siku, homa za jioni, vidonda mdomoni. Nilitibiwa taifodi mara nne, nikatibiwa amiba, nikapewa dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo. Baadaye wakashuku kifua kikuu cha utumbo. Siwalaumu, kwa sababu magonjwa hayo mawili yanafanana sana hata machoni pa daktari mzoefu, na TB kwetu ipo. Mwaka 2019 ndipo nikaingizwa kamera kwa njia ya haja kubwa, wakakata vipande vidogo vya nyama ya utumbo kwenda kupima, na jibu likarudi: Crohn. Ni jina la daktari wa New York, Burrill Crohn, ambaye mwaka 1932 yeye na wenzake wawili waliuandikia ugonjwa huu ukajulikana. Nalieleza kwa sababu kila ninayemtajia hudhani nimetaja dawa.

Siku niliyoruhusiwa, mhudumu mmoja alinipa karatasi ya kopi iliyoandikwa juu "Vyakula vilivyokatazwa". Nilihesabu vitu 43. Maharage, mboga za majani zote, maziwa, mayai, nyama nyekundu, matunda yote, ngano, karanga, mafuta. Nikaifuata kama amri ya Mungu. Nilikuwa na kilo 52, baada ya miezi mitatu nikawa na kilo 41, nywele zinakatika, kanga inanizunguka kiunoni mara mbili. Nilipokwenda tena kliniki, daktari hakuanza na dawa. Aliuliza, "Mama, unakula nini?" Nikamtajia: wali mweupe na chai ya rangi. Akaiomba ile karatasi, akaikunja, akaiweka kwenye droo yake, akaniambia nikitoka pale ninunue daftari.

Haya ninayokuandikia yametoka kwenye daftari hilo na mengine manne yaliyofuata. Yameandikwa na mtu anayepika, si daktari. Kwa hiyo yasome, kisha yapeleke kwa anayekutibu.

Kinachouma ni nini

Crohn ni kinga ya mwili kuugeukia utumbo wenyewe. Ukuta wa utumbo unavimba, unatoka vidonda, na mara nyingine unapona kwa kovu linaloubana. Inaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ila mara nyingi hukaa mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapokutana na utumbo mpana. Hauambukizi. Na haukuletwa na chakula ulichokula. Hili la mwisho nataka ulishike, kwa sababu niliteseka sana nikijilaumu kwa pilipili nilizokula usichanani.

Mimi husema ugonjwa umeamka au umelala. Ukiamka, utumbo unawaka ndani. Ukilala, umetulia, ingawa haujaondoka. Chakula cha kawaida hakiulazi, kazi hiyo ni ya dawa. Chakula kinakupa nguvu ya kupambana nao na kinaweza kukuepusha maumivu yasiyo ya lazima. Hapa ndipo wengi tunajikanganya: gesi ya maharage inaweza kukukunja usiku kucha bila utumbo kupata kidonda kipya hata kimoja. Na utumbo unaweza kuwa unawaka huku wewe unakunywa uji mlaini na kujiona umepata nafuu. Maumivu peke yake hayasemi ukweli wote, ndiyo maana daktari hupima damu na kinyesi kutafuta dalili za uvimbe. Usiache dawa kwa sababu tumbo limekaa kimya mwezi mzima.

Namna ya kulitumia daftari

Nunua daftari la kawaida la kurasa 96, lile la shule. Kila siku ukurasa mmoja. Andika saa, ulichokula na kiasi chake kwa kipimo cha jikoni (kijiko, kikombe, kipande), kilivyopikwa, kisha dalili na saa iliyokuja. Maumivu yape alama kuanzia 0 hadi 10. Hesabu choo. Halafu, na hapa watu wengi hupuuza, andika mambo yasiyo chakula: dawa ulizomeza, usingizi, hedhi, ugomvi, safari.

Huu ni ukurasa wangu mmoja, nimeunakili ulivyo:

*Jumanne. Saa 12 asb: chai ya maziwa kikombe 1, mkate mweupe vipande 2. Saa 4: yai la kuchemsha 1. Saa 7 mchana: wali vijiko vya kupakulia 2, samaki, mlenda kidogo. Saa 8: tumbo linanguruma, gesi, maumivu 5. Choo mara 3, cha maji. Usiku: viazi vya kuponda, maumivu 2. Mtoto ana homa, nimepata usingizi wa saa nne tu.*

Kwa miezi mingi nililisingizia yai, kwa kuwa lilikuwa kwenye karatasi ya makatazo na lilikuwa karibu na maumivu kuliko chai. Niliacha mayai kabisa. Gesi ikabaki palepale. Siku nilipokaa na kurasa thelathini nikachora mstari chini ya kila siku mbaya, chai ya maziwa ilikuwepo kwenye siku hizo karibu zote, asubuhi kabla ya maumivu, na siku nyingine mbaya zilikuwa za hedhi, nimekula nini au sijala nini. Yai halikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimejinyima chakula cha bei rahisi chenye nguvu kwa nusu mwaka.

Kanuni niliyopewa ni hii: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kipe siku tatu. Ukiacha maziwa, maharage na pilipili wiki moja, ukipona hutajua umshukuru nani. Na ukiondoa chakula kwenye sahani, weka kingine cha aina yake mahali pake. Nimeacha maziwa, nimeweka nini cha kunipa protini na madini ya mifupa? Kama huna jibu, usiondoe kwanza.

Siku ugonjwa umeamka

Siku hizo utumbo ni kama ngozi iliyoungua. Hutaisugua na gunzi. Weka kando kwa muda vitu vyenye makapi: dona, maharage na maganda yake, mahindi ya punje, bisi, karanga za kutafuna, kachumbari, kabichi, mbegu, maganda ya matunda. Weka kando na mafuta mengi, pilipili, kahawa nzito, pombe na soda. Nimesema kwa muda. Wiki chache, mpaka daktari aseme umelala.

Chakula changu cha kwanza siku hizo ni uji wa mchele. Mchele wa Bahi kikombe kimoja, naosha, natia kwenye vikombe vinane vya maji na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Nauacha moto mdogo kama saa nzima, nikikoroga, mpaka punje zisahau kuwa zilikuwa punje. Nausukuma kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Halafu napiga yai moja kwenye bakuli na kulimimina taratibu kama uzi huku nakoroga uji ungali unachemka, ili liive kabisa. Nikiwa na siagi ya karanga iliyosagwa laini, ile isiyo na vipande, naongeza kijiko kimoja. Kikombe cha uji huu kinashiba kuliko sahani ya wali mkavu, na hakinisumbui.

Baadaye yanaingia viazi mviringo vya kuponda, boga lililomenywa likachemshwa hadi kulainika, karoti, tambi, ugali wa sembe mlaini, samaki wa kuchemsha asiye na miiba, kuku aliyetolewa ngozi, maini yaliyoiva vizuri. Papai lililoiva na ndizi mbivu. Nakula sahani ndogo mara tano au sita kwa siku, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 1 jioni. Sahani moja kubwa ya saa 8 mchana, kama wanavyokula vibarua wangu, ndiyo inayonikunja.

Jambo moja kuhusu uji wa lishe. Ndugu wakisikia umekonda watakuletea unga wa nafaka saba: mahindi, uwele, ulezi, soya, karanga, ngano, mchele, vyote vimesagwa na maganda. Wanaleta kwa upendo. Kwa tumbo lililoamka, unga huo ni mzigo, na ukikuumiza hutajua ni nafaka ipi kati ya saba. Upokee, shukuru, uweke hadi siku umelala.

Ukiharisha sana, maji pekee hayatoshi, unapoteza na chumvi. Pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, zipo kila duka la dawa, na ndizo bora. Usiku wa manane ukikosa, pima lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Kunywa kidogokidogo. Usikisie vipimo kwa macho, chumvi ikizidi inadhuru.

Kama utumbo wako umebana

Muulize daktari wako swali hili moja kwa moja: "Je, utumbo wangu una sehemu iliyobana?" Mimi sikuuliza.

Mwaka 2021 nilikuwa nasafiri kwenda Morogoro kwa basi. Tulisimama Kibaigwa, watoto wakaleta mahindi ya kuchoma dirishani, ya moto, na ugonjwa wangu ulikuwa umelala vizuri miezi mitano. Nikala nusu gunzi. Sikutafuna sana kwa sababu kondakta alikuwa anaita. Saa 3 usiku tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, likipanda na kushuka kwa mawimbi, natapika kijani, hata upepo hautoki. Nililazwa siku nne, siruhusiwi kula wala kunywa, dripu tu mkononi. Picha ilionyesha punje zimekwama pale utumbo ulipobanwa na kovu. Haikufika kupasuliwa, namshukuru Mungu.

Kwa hiyo kabla hujafuata ninavyorudisha hapo chini vyakula vyenye makapi, uwe umeshapata jibu la swali hilo. Aliyebanwa hubaki na vyakula laini hata ugonjwa ukilala: hakuna mahindi ya kuchoma wala makande, miwa, korosho, bisi, ufuta mzima, maganda ya nyanya, nyuzi za embe dodo, nyama yenye mishipa. Kile anachokula kinasagwa, kinachujwa, au kinatafunwa mpaka kiwe uji mdomoni. Mimi nina kipande kimoja kilichobana, na nakula mboga za majani kila siku. Ni upishi.

Kurudisha chakula, kimoja kimoja

Daktari akisema umelala, usikae kwenye wali mweupe kwa woga. Nilikaa huko na nilikuwa nakufa taratibu. Chukua chakula kimoja, kipike kilainike, anza na vijiko vitatu vya chai mchana (usiku usijaribu kitu kipya, ukiumwa hutalala na kesho yake utakosea kusoma daftari). Siku ya pili ongeza, siku ya tatu kula kiasi cha kawaida. Kikileta shida, kiache, subiri mwezi, jaribu kwa upishi mwingine kabla hujakihukumu.

Naanza na mlenda kwa sababu ndio ulionirudisha mezani. Mlenda mkavu, ule wa majani yaliyoanikwa na kutwangwa, nauchekecha tena mwenyewe kwa chekeche la unga hata kama muuzaji wa Majengo kaapa ni safi. Vijiti huwa vinabaki, vyembamba kama nywele. Nachemsha maji vikombe viwili, natia nyanya moja iliyomenywa ganda na kutolewa mbegu, chumvi kidogo, kisha nanyunyiza mlenda kijiko kimoja cha kulia huku napekecha. Unavuta, unateleza, dakika chache umeiva. Magadi natia ncha ya kisu tu, au natoa kabisa nikiwa kwenye vidonge vya prednisoloni, vile vya kutuliza uvimbe, kwa sababu dawa hiyo hukufanya ushike maji mwilini na magadi ni chumvi vilevile. Karanga zilizosagwa laini naongeza mwishoni. Ule utelezi unapita tumboni bila kukwaruza.

Ugali wa uwele nilidhani sitauona tena. Uwele mzima uliosagwa na pumba zake ulinitoa gesi alama 6. Nikajaribu uliokobolewa: nikautwanga kwanza kwenye kinu, nikapeta pumba, nikaosha, nikaanika, ndipo nikapeleka mashineni. Nikachanganya robo ya uwele na robo tatu za sembe. Huo nakula, ngumi moja, siku mbili kwa wiki. Ladha yake inatosha kunikumbusha kwa bibi.

Maziwa. Watu wazima wengi hupungukiwa kile kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, hata wasio na Crohn, na utumbo uliovimba hukipunguza zaidi. Kwangu maziwa freshi hapana, mtindi ndiyo, kwa kuwa bakteria wa mtindi wamekwisha kula sehemu ya hiyo sukari. Lakini sikiliza, wewe unayeishi na wafugaji kama mimi. Usinywe mtindi wa kibuyu usioujua maziwa yake yalichemshwa au la. Wengi wetu tunameza azathioprini au dawa nyingine zinazoshusha kinga, na bruselosisi, ule ugonjwa wa mifugo kutupa mimba, hupita kwenye maziwa mabichi. Mimi nachemsha maziwa hadi yapande, naacha yapoe mpaka kidole kinastahimili, natia vijiko viwili vya mtindi wa jana, nafunika sufuria, nalizungushia blanketi hadi asubuhi.

Nyama choma ya mnadani ni suala hilohilo. Mbavu za mbuzi zenye damu katikati siziruhusu tena. Nakula nyama niliyochemsha saa mbili mpaka inaachia mfupa, au ya kusaga. Kwa upungufu wa damu, ambao wengi wetu tunao, maini na nyama laini vinasaidia, ila kama daktari amekuandikia dawa ya madini ya chuma, maini hayachukui nafasi yake. Na kama ugonjwa wako umekaa mwisho wa utumbo mwembamba, au sehemu hiyo imekatwa, uliza kuhusu vitamini B12. Hufyonzwa hapohapo, na kula nyama nyingi hakutoshi pale mlango ukiwa umeharibika. Mimi huchomwa sindano.

Dagaa nawakaanga bila mafuta, nawatoa vichwa, nawasaga kuwa unga, kijiko kimoja kwenye mchuzi. Mifupa yao ndiyo ninayoitaka, kwa sababu prednisoloni hudhoofisha mifupa yetu.

Zabibu ni jaribu la hapa kwetu, tunavuna mara mbili kwa mwaka na zinauzwa kila kona. Ganda na mbegu vilinitesa. Nazikamua, nachuja kwa kitambaa, nachanganya nusu maji, nakunywa nusu glasi baada ya chakula. Glasi nzima ya juisi yoyote tamu, iwe ya zabibu, embe au miwa, kwangu inavuta maji utumboni na kuniharisha. Unga wa ubuyu mweupe, uliochekechwa, kijiko kimoja kwenye uji, unanikubali. Ule wa rangi nyekundu wenye sukari na pilipili, hapana.

Chipsi za mtaani na zege (chipsi mayai) siwezi kukuficha: sijapata njia. Mafuta yanayorudiwa mara kumi kwenye karai moja yananitoa mbio chooni ndani ya saa moja. Nyumbani natumia mafuta ya alizeti, kijiko kimoja kwa sufuria la watu wawili. Pilipili kidogo, ya kunusa, naivumilia sasa. Dada mmoja tunayekutana kliniki hula pilipili bila shida ila yai humwangusha. Kwa hiyo usininakili. Nakili namna ya kutafuta.

Vya duka la dawa na vya jirani

Magoti yaliniuma, maana Crohn hushika na viungo. Zahanati moja ikanichoma diklofenaki bila kuniuliza nina ugonjwa gani, na wiki ileile ugonjwa uliamka vibaya kuliko miaka miwili iliyotangulia. Dawa za kundi hilo, diklofenaki na ibuprofeni, zinaweza kuuamsha ugonjwa. Mimi sasa nimeandika kwenye karatasi ndani ya pochi: "Nina Crohn. Nisipewe diklofenaki wala ibuprofeni kabla daktari wangu hajaulizwa." Kwa maumivu madogo natumia parasetamoli. Ukianza kulaumu chakula, angalia kwanza ulichomeza.

Shubiri, hata ya msituni, usinywe. Inaharisha, hata kwa mzima. Mizizi ya kuchemsha sijui imechanganywa na nini, wala anayeiuza hajui dawa zangu. Sigara huuzidisha ugonjwa huu, hilo halina mjadala.

Sahani ya watu

Sahani ngumu kuliko zote ni ya msibani na ya ukweni. Kukataa chakula kwetu ni kumkataa mtu. Mara ya kwanza nilipokwenda Mpwapwa kwa mama mkwe nikiwa mgonjwa, nilizungusha makande kwenye sahani mpaka yakapoa, na aliumia, nikaliona usoni. Mara ya pili nilikwenda jikoni kabla moto haujawashwa, nikamsalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Kaa, leo utakula ushibe."

"Nitakula mama. Ila utumbo wangu una vidonda, na daktari kaniambia nile laini, kidogokidogo. Naomba uniwekee mlenda pembeni kabla hujatia pilipili. Huo nitaumaliza wote."

Aliniangalia muda, akauliza, "Ni vidonda? Siyo kwamba hutaki mikono yangu?" Nikamfungulia mkoba nikamwonyesha dawa. Tangu siku hiyo ana kibakuli changu chenye maua ya bluu, na hakuna mjukuu anayekigusa. Waambie mapema, jikoni, kabla ya sahani. Usisubiri mbele za watu.

Kwenye safari nabeba kontena la wali na samaki, pakiti mbili za ORS, chupa ya maji yangu na nguo ya kubadili. Asubuhi ya safari nakula kidogo, chai ya rangi na mkate mweupe, na kiti nachagua cha karibu na mlango. Kwenye treni ya SGR nina amani kwa sababu choo kipo.

Usisubiri asubuhi

Nenda hospitali usiku huohuo ukitapika huku tumbo limejaa na choo wala upepo havitoki. Ukipata homa kali na maumivu yasiyoachia. Ukitoka damu nyingi. Ukiota jipu karibu na njia ya haja kubwa. Au ukishindwa kubakiza hata maji na mkojo umepungua. Hakuna uji wa kutibu hayo. Na prednisoloni usiikatishe ghafla hata ukiwa na hasira nayo, hupunguzwa hatua kwa hatua.

Leo nina kilo 58. Wiki hii najaribu choroko zilizokobolewa, za manjano, zisizo na ganda. Nililoweka usiku, nikamwaga maji, nikachemsha kwa maji mapya mpaka zikawa supu, nikazipitisha kwenye chujio. Jana vijiko vitatu saa 7 mchana: gesi kidogo, maumivu 1, choo mara mbili. Leo ni siku ya pili, nimekula nusu kikombe na wali, na sasa ni saa 10 jioni. Tumbo limetulia. Nimeacha mstari wa saa 12 wazi.